Pombe Yenye Jina la Duka, na Mkono wa Serikali

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mafunzo ya chama. Imepigwa chapa hapa kwa faida ya wale waliokuwa kazini siku hiyo.)



Tumeombwa na kamati ya mafunzo tuseme habari za sheria za serikali juu ya pombe inayotengenezwa na kiwanda kimoja lakini ikauzwa kwa jina la duka. Wengine wenu mlicheka mlipoona tangazo ubaoni. Mlisema, chama kina madai ya mishahara, kina mambo ya nyumba, kina malipo ya uzeeni; mbona tupoteze jioni nzima kusikia habari za chupa? Jawabu letu ni fupi. Chupa hiyo kuna mtu aliyeifanyia kazi. Kisha kuna mtu anayeinunua kwa mshahara wake. Na mara nyingine humwua yule aliyeinunua. Mambo hayo matatu yote ni ya chama.

Wako kati yetu wasioonja pombe kabisa kwa ajili ya dini au afya, nasi twawaheshimu. Hatukuja kumsifu mnywaji wala kumhukumu. Twataka kuuliza maswali matatu tu: nani apika, nani auza, na nani asimama katikati yao.

JAMBO LENYEWE

Duka kubwa, kama supamaketi zenye matawi mengi, lataka chupa ya wiski au ya mvinyo yenye jina lake. Lenyewe halina mtambo wala pipa. Basi laenda kwa mwenye kiwanda, wanapatana ladha na bei, kiwanda kinajaza chupa na kubandika jina la duka. Mnunuzi akifika rafuni huona jina lile lile alilozoea kuliona juu ya sabuni na karatasi za chooni, naye huamini. Bei huwa nafuu, kwa sababu hakuna gharama ya matangazo, na duka hununua shehena kubwa kwa mara moja.

Biashara ya namna hiyo yenyewe si kosa. Sukari huuzwa hivyo, mchele huuzwa hivyo, hata hapa kwetu. Lakini pombe ni bidhaa ya peke yake. Hutozwa ushuru mkubwa, humlevya mtu, na ikichanganywa vibaya hupofusha na kuua. Ndiyo sababu serikali karibu zote za dunia zimetia mkono wao kati ya mpishi na mnywaji.

Mfano tuliouchagua ni Marekani. Nchi ile ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria yake ya pombe. Ni kama kuona karakana 50 zikitengeneza injini ya namna moja, kila fundi kwa njia yake. Mtu akitaka kujifunza, huko ataona mengi kwa mara moja.

YALIYOTANGULIA

Zamani, kabla ya mwaka 1920, viwanda vya bia vya Marekani vilikuwa vimeyashika mabaa mengi ya mijini. Kiwanda humkopesha mwenye baa fedha za kulipia leseni, humpa meza, vioo na mabomba ya bia, pengine nyumba yenyewe huwa mali ya kiwanda. Kwa malipo ya wema huo, mwenye baa hufungwa asiuze bia ya mwingine. Kama mauzo hayakutosha, deni linamngoja. Basi yule mwenye baa naye alimtafuta mfanyakazi. Alimwekea chakula cha bure mezani, chenye chumvi nyingi, ili koo ikauke. Mahali pengine mfanyakazi alipewa hundi ya mshahara, na penye kubadilisha hundi hiyo kuwa fedha ni pale pale baa. Ninyi wenyewe mwaelewa fedha ngapi zilifika nyumbani.

Sisi watu wa reli tuna mfano wa karibu zaidi. George Pullman, mwenye kiwanda cha mabehewa ya kulala, alijenga mji wake karibu na Chicago katika miaka ya 1880. Nyumba zilikuwa zake, maji yalikuwa yake, na wafanyakazi hawakuruhusiwa kuwa na baa. Pombe iliuzwa hotelini tu, kwa wageni wenye fedha. Mwaka 1893 biashara ilipoharibika alikata mishahara lakini hakupunguza kodi ya nyumba. Mwaka 1894 wafanyakazi wakagoma, na chama cha wafanyakazi wa reli chini ya Eugene Debs kikawaunga mkono kwa kukataa kuyaendesha mabehewa ya Pullman. Mgomo ulivunjwa na askari wa serikali. Tumeutaja mji huo kwa sababu Pullman alichukia baa, na wenye viwanda vya bia walipenda baa, lakini wote walifanya jambo moja: mkono uliolipa mshahara, au mkono uliotengeneza bidhaa, ulitaka pia kushika mahali mshahara unapotumiwa.

Tangu Januari 1920 Marekani ikapiga marufuku pombe katika nchi nzima. Viwanda vikafungwa, lakini kiu haikufungwa. Magendo yakaenea, na spiriti ya viwandani iliyochanganywa gizani ikawaua na kuwapofusha watu. Tarehe 5 Desemba 1933 marufuku hiyo ikafutwa kwa badiliko la 21 la Katiba, na kila jimbo likapewa uwezo wa kuamua mambo ya pombe ndani ya mipaka yake.

MIKONO MITATU

Majimbo mengi yalitunga sheria ya namna moja. Biashara ya pombe ikagawanywa mikono mitatu: mwenye kiwanda, mwuzaji wa jumla, na mwuzaji wa rejareja. Mwenye kiwanda humwuzia wa jumla, wa jumla humwuzia mwenye duka, mwenye duka humwuzia mnywaji. Kwa kawaida mkono mmoja haukuruhusiwa kumiliki mwingine, wala kumkopesha, wala kumpa zawadi ya kumfunga. Mwaka 1935 serikali kuu nayo ikatoa sheria yake ya kuzuia vifungo hivyo na kusimamia lebo.

Ndugu zetu madereva na wakuu wa stesheni watalielewa jambo hili upesi. Kwenye njia moja ya reli, dereva hajipi mwenyewe ruhusa ya kuingia kipande cha mbele. Lazima apewe na mtu mwingine, mwenye kuona upande wa pili. Si kwamba madereva wote ni wabaya. Ni kwamba hata dereva mwema akijipa ruhusa mwenyewe, siku moja treni mbili zitakutana.

Sasa tazameni jinsi chupa yenye jina la duka inavyoleta fumbo. Sheria yasema kiwanda na duka ni mikono miwili. Lakini chupa hii ina jina la duka nje na kazi ya kiwanda ndani. Je, hapo pana mikono miwili au mmoja? Kama duka ndilo linaloamua ladha, bei, wingi na jina, mwenye kiwanda amebaki nini ila kibarua wa duka? Zamani kiwanda kilimfunga mwenye baa. Leo yaweza kuwa duka ndilo linalokifunga kiwanda. Kamba ni ile ile, imefungwa kutoka upande wa pili.

Majimbo hayakulijibu fumbo hili kwa namna moja. Pengine chupa hiyo yaruhusiwa mradi kiwanda kiwe na leseni yake na bidhaa ipite mikononi mwa mwuzaji wa jumla. Pengine kuna masharti juu ya nani aimiliki alama ya biashara, na kama maduka mengine yanaweza kuiuza chapa hiyo. Kampuni yenye matawi katika majimbo mengi yahitaji wanasheria ili kuuza chupa moja.

HABARI YA LEBO

Serikali kuu ya Marekani husimamia lebo kwa ofisi maalum iliyo chini ya wizara ya fedha. Kabla chupa haijauzwa kutoka jimbo moja hadi jingine, lebo yake hupelekwa kuidhinishwa. Lazima ionyeshe aina ya kinywaji, kiasi chake, na jina na mahali pa yule aliyeijaza chupa au kuileta kutoka ng'ambo. Tangu mwaka 1989 lazima iwe pia na onyo la serikali kwa wanawake wajawazito na kwa wenye kuendesha magari na mashine.

Hapo mtu atasema, basi siri imekwisha, jina la mpishi lipo. Polepole, ndugu. Sheria yamruhusu mwenye kiwanda kuandikisha majina mengine ya biashara, na kulitumia mojawapo kwenye lebo. Kwa hiyo mnunuzi aweza kusoma jina la kampuni asiyoijua, yenye anwani ya mji mdogo, akadhani ni mzee mmoja na pipa lake, kumbe ni jina la pili la kiwanda kikubwa. Mjini Lawrenceburg, jimbo la Indiana, kuna kiwanda kikubwa cha wiski ambacho kwa miaka mingi kimetengeneza wiski ya chapa nyingi za watu wengine. Chapa moja, Templeton Rye, ilijitangaza kama wiski ya jimbo la Iowa, na ilipojulikana kwamba wiski hiyo yatoka Indiana wanunuzi walikwenda mahakamani. Mwaka 2015 wenye chapa walikubali kuwarudishia wanunuzi sehemu ya fedha zao. Wiski haikuwa na sumu. Kosa lilikuwa kwamba karatasi ya mzigo ilisema stesheni moja na mzigo ulipakiwa stesheni nyingine.

Kwetu behewa lisilo na karatasi zake halisogei. Karatasi yaonyesha nani ametuma, nani atapokea, na nini kimo ndani. Mzigo ukiharibika twajua pa kuanzia kuuliza. Chupa nayo yapasa iwe hivyo.

JIMBO LENYE DUKA LAKE

Yako majimbo 17 ya Marekani ambako serikali yenyewe hushika biashara ya pombe kali, ama kwa jumla, ama mpaka dukani. Pennsylvania ni mojawapo. Mwaka 1933 Gavana wake Gifford Pinchot, mtu aliyeichukia pombe, alitaka ununuzi wake uwe wa taabu na wa gharama, basi serikali ikafungua maduka yake. Mwaka 1936 mafuriko yalipouharibu mji wa Johnstown, jimbo likaweka ushuru wa asilimia 10 juu ya pombe ili kuwasaidia watu wa mji huo. Ulikuwa uwe wa muda mfupi. Mwaka 1963 ukapandishwa kuwa asilimia 15, na mwaka 1968 asilimia 18. Mji ulijengwa zamani sana, ushuru ungali unalipwa mpaka leo, na fedha zaingia katika mfuko wa jumla wa jimbo. Serikali ikizoea tamu ya pombe huona vigumu kuiacha, sawa na mnywaji.

Halafu mwaka 2011 halmashauri ile ya pombe ya Pennsylvania ikaleta mvinyo wa chapa yake yenyewe, jina lake TableLeaf. Fikirini hali hiyo. Halmashauri ndiyo yatoa leseni. Halmashauri ndiyo yachagua chupa gani iingie dukani. Halmashauri ndiyo yapanga bei. Na sasa halmashauri ina chupa yake rafuni pamoja na za wengine. Watu walilalamika kwamba mwamuzi ameingia uwanjani kupiga mpira. Chapa hiyo haikudumu miaka mingi, ikaachwa.

Mambo hayo si mageni kwetu. Wazee wetu wa Nairobi waliyaona katika miaka ya 1920. Serikali ya ukoloni ilimkataza Mwafrika pombe kali ya Kizungu, ikawakamata akina mama waliopika nyumbani, na Manispaa ikawa yapika na kuuza bia yake katika ukumbi wa Pumwani. Desturi hiyo ilitoka Durban, Afrika Kusini, ambako sheria ya mwaka 1908 iliwapa manispaa haki ya peke yao ya kumwuzia Mwafrika bia. Faida iliyopatikana ndiyo iliyolipia sehemu ya huduma za Waafrika wale wale. Kwa maneno mengine, mfanyakazi alijilipia mwenyewe kwa kikombe kile ambacho wengine walilipiwa kwa kodi ya mji. Kwa sababu hiyo, mtu akisema serikali ishike kila kitu, twauliza kwanza: na nani ataishika serikali?

DUKA LENYE SHERIA YAKE

Upande wa pili ni jimbo la Washington, kaskazini magharibi. Huko pia maduka ya pombe kali yalikuwa ya serikali tangu marufuku ilipofutwa. Mwaka 2010 wananchi walipigiwa kura mbili za kuyaondoa, wakakataa zote mbili. Mwaka 2011 ikaja kura nyingine, namba 1183. Kampuni ya Costco, yenye maduka makubwa na chapa yake yenyewe iitwayo Kirkland Signature, ilitoa zaidi ya dola milioni 20 kuiunga mkono. Safari hii ilipita, kwa asilimia 59 hivi.

Tangu tarehe 1 Juni 1912 twasema? Hapana, ndugu, ni juzi tu, tarehe 1 Juni 2012, pombe kali ikaanza kuuzwa katika maduka ya watu binafsi. Sheria ilitaka kwa kawaida duka liwe na ukubwa wa futi za mraba 10,000 au zaidi. Maana yake ni kwamba mlango ulifunguliwa kwa mkubwa, na mdogo akabaki nje akichungulia. Marufuku ya kupunguziana bei kwa anayenunua kwa wingi ikaondolewa, na maduka yakaruhusiwa kununua moja kwa moja kiwandani. Haki ya kuendesha maduka 167 ya serikali ikauzwa mnadani.

Na wafanyakazi wa maduka yale? Walikuwa mamia, watumishi wa jimbo wenye mishahara ya kujulikana, bima na malipo ya uzeeni. Chama chao kilipigana na kura ile, kikashindwa. Kazi zao zikaisha. Watu waliahidiwa bei nafuu. Lakini sheria ile ile iliweka ada ya asilimia 17 juu ya mauzo ya rejareja, na asilimia 10 juu ya mauzo ya jumla kwa miaka miwili ya kwanza. Wanunuzi wengi walipofika rafuni waliona bei imepanda badala ya kushuka. Jimbo lilipata fedha, duka kubwa likapata biashara, mnywaji akapata maduka mengi ya kununulia, na mfanyakazi akapata barua ya kuachishwa kazi.

Hatusemi maduka ya serikali ya Washington yalikuwa mbingu. Twasema hivi: sheria ya biashara ikibadilishwa, iwe ya pombe, ya bandari au ya reli, pasipo mfanyakazi mezani, hasara itatafuta mahali pa kutua, na itatua juu yake. Sisi twawajua watu walioachwa kituoni hivyo.

MFANYAKAZI ASIYE NA JINA

Sasa twafika kwenye kiini cha neno letu. Lebo yenye jina la duka peke yake haimfichi mpishi kwa mnywaji tu. Yamficha pia mfanyakazi kwa mfanyakazi mwenzake.

Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Coors, mjini Golden, jimbo la Colorado, waligoma. Mgomo ulivunjwa, na vyama vya wafanyakazi vya Marekani vikawaomba wanachama wao wasinywe bia ile. Kususia huko kulidumu miaka kumi, mpaka mwaka 1987, na watu wa kila kazi walishiriki. Waliwezaje? Waliweza kwa sababu jina lilikuwa kwenye chupa. Fundi wa San Francisco aliitambua bia ya Golden, akairudisha kaunta.

Fikirini kama bia ile ingalikuwa na majina ya maduka ishirini, na mpishi hajulikani. Ungesusia nini? Tena kiwanda kikigoma leo, duka laweza kuhamishia kazi kiwanda kingine kesho, na rafuni chupa zitakuwa zile zile, jina lile lile, rangi ile ile. Mnywaji hatajua kwamba watu mia wamepoteza kazi kati ya chupa ya Jumamosi na chupa ya Jumatatu. Mwenye kiwanda naye hulijua jambo hilo, hivyo huogopa kuajiri watu wa kudumu. Mkataba wake na duka ni wa mwaka, basi mkataba wa kibarua ni wa mwezi.

Dawa ilitafutwa zamani. Katika miaka ya 1870 watengenezaji wa sigara za tumbaku huko Marekani walianza kubandika lebo ya chama juu ya sanduku, ili mnunuzi ajue kwamba kazi hii imefanywa na watu wenye chama. Lilikuwa wazo jema, na lilienea. Lakini tuseme ukweli wote: lebo ile ya kwanza ya San Francisco ilitumiwa pia kuwatenga mafundi wa Kichina. Kwa hiyo chombo hiki kina makali pande mbili. Lebo ya chama yafaa imwambie mnunuzi hali ya kazi, isimwambie rangi wala kabila la mkono.

KWETU KENYA

Hapa Kenya tuna sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo watu wengi huiita kwa jina la Bwana John Mututho, mbunge aliyeileta. Sheria hiyo iliondoa marufuku ya chang'aa iliyowekwa mwaka 1980, ikataka ipikwe kwa leseni na kwa kipimo. Ilikataza vifuko vidogo, ikaweka saa za kuuza, na ikataka chupa iwe na onyo la afya na neno kwamba haiuzwi kwa mtu wa chini ya miaka 18. Kwa Katiba ya mwaka 2010, leseni za pombe ni kazi ya kaunti. Viwango na ushuru ni vya serikali kuu. Tangu mwaka 2013 chupa za mvinyo na pombe kali hubandikwa stempu ya ushuru, na mtu aweza kuipima stempu hiyo kwa simu kwa programu ya mamlaka ya mapato iitwayo Soma Label.

Sheria iko. Lakini makaburi nayo yako. Novemba 2000, katika vijiji vya maskini vya Nairobi, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa siku chache. Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga. Waliokufa hawakuwa wenye magari. Walikuwa vibarua, watu wa boda boda, wavunaji, watu waliotafuta kinywaji cha bei ya mfuko wao.

Methanoli haionekani kwa macho wala haijulikani kwa ulimi. Mtu hulewa kama kawaida. Baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake, kichwa chauma, tumbo lasokota, macho yaona kama ukungu. Wakati huo usimlaze ukisema ni uchovu wa jana. Mpeleke hospitali mara moja na uwaambie alikunywa nini, kwa maana dawa iko kama hakuchelewa. Kama chupa ipo, ichukueni pia.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mgema wa methali hiyo alikuwa na jina na mnazi wake ulijulikana. Alipotia maji, kijiji kilijua mlango wa kubisha. Mgema wa leo anaweza kutia sumu, na kijiji hakimjui. Ndiyo maana swali la jina kwenye lebo, linaloonekana kama jambo la wanasheria na maduka makubwa, ni swali la uhai na kifo kwa mtu wa mshahara mdogo.

MAMBO TUNAYOPENDEKEZA

Bwana Mwenyekiti, hatupendi kuondoka hapa na maneno matupu. Twaomba tawi lijadili mambo manne.

La kwanza. Lebo ya kila pombe inayouzwa Kenya, iwe na jina la duka au jina la kiwanda, ionyeshe wazi jina halisi la aliyeipika na mahali kiwanda kilipo, kwa herufi ambazo mtu wa darasa la nne ataweza kusoma kwa taa ya baa. Jina la biashara lililokodishwa lisitoshe.

La pili. Mwenye kutoa leseni asiwe mwenye kuuza, na mwenye kuuza asiwe mwenye kukagua. Kaunti ikipata fedha nyingi kwa leseni, ihesabiwe hadharani fedha hizo zimekwenda wapi, tusije tukawa na ushuru wa Johnstown wetu.

La tatu. Vyama vya viwanda vya vinywaji, vya madukani na vya uchukuzi vikutane. Chupa moja hupita mikononi mwa wanachama wa vyama hivyo vyote. Kiwanda kinachopikia maduka kiulizwe kina vibarua wangapi na kwa mkataba wa namna gani. Duka lisiweze kuuhamisha mkataba kwa siku moja bila taarifa kwa wafanyakazi.

La nne ni letu wenyewe, nalo halihitaji Bunge. Kila kilabu na kantini ambako wanachama wetu hununua kinywaji, kamati yake iweke daftari. Iandike chupa zimetoka kwa nani, leseni yake, tarehe, na stempu zilipimwa au hapana. Mwuzaji akikataa kutoa risiti, mzigo wake urudi. Twafanya hivyo kwa mafuta ya injini. Tusishindwe kufanya hivyo kwa kitu kinachoingia tumboni mwa mwenzetu.

Ndugu, wako watakaosema kwamba sheria nyingi humwongezea maskini bei, na bei ikipanda humsukuma kwenda kwa mpishi wa gizani. Neno hilo lina kweli ndani yake, nasi tumeiona huko Marekani katika miaka ya marufuku. Kwa hiyo hatukudai marufuku wala ushuru mpya. Twadai jina. Jina haligharimu kitu ila wino.

Mwenye swali na aulize, na mwenye maneno yanayopingana na haya na asimame ayaseme, maana mkutano wa mafunzo si mahubiri. 

Umoja ni nguvu.